Kipuri Namba Saba

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na serikali na kodi zao, Mfalme Simba alinunua pampu ya maji. Kiboko akapewa mkataba wa kuitunza. Sheria ya mfalme ilikuwa wazi: kila anayefanya kazi ya serikali alipwe pishi ya mahindi kwa siku.

Aliyeingia ndani ya bomba, akasafisha chujio na kukaza nati, alikuwa Kindi. Jioni Kiboko alimpa kibaba kimoja tu, robo ya pishi. Kindi alikuwa na watoto watano, na kibaba kiliisha kabla wa nne hajapata.

"Bwana Kiboko, sheria inasema pishi."

"Pishi ni ya wafanyakazi, Bi Kindi. Mkataba wangu ni wa mashine. Wewe nimekuandika kwenye orodha ya vipuri. Namba saba, baada ya mpira."

Kindi aliomba orodha, akaisoma mpaka chini, akaenda zake nyumbani.

Asubuhi pampu ikakohoa, kho, kho, ikanyamaza. Saa nne mfalme angekuja kukagua. Kiboko akaja mbio, puu, puu, akamkuta Kindi amelala chali mlangoni kwake, miguu juu.

"Amka, twende kazini."

"Kipuri hakitembei. Orodha inasema mkandarasi atakibeba, atakikinga na jua na atakipaka mafuta."

"Unanitania?"

"Mimi ni chuma tu, bwana."

Kiboko akalitazama jua. Akambeba mgongoni, akamfunika kwa jani la mgomba. Walipofika, Kindi akasema, "Bado mafuta. Anza na mkia."

Mkia ulikuwa umepakwa nusu tu, Simba alipotokea.

"Kiboko, watu hawana maji, nawe unamsinga Kindi?"

"Huyu ni... ni kipuri, Mheshimiwa. Namba saba."

"Basi kitie mahali pake, pampu ifanye kazi."

Kiboko akamtia Kindi ndani ya bomba. Kindi akatulia tuli. Pampu kimya.

"Umeniletea kipuri kibovu," Simba akasema. "Mkataba nauvunja leo."

"Hapana, Mheshimiwa. Si kipuri. Ni mfanyakazi wangu. Ni fundi."

"Unamlipa nini?"

"Pishi kwa siku."

"Kuanzia lini?" sauti ikauliza kutoka ndani ya bomba.

"Kuanzia siku ya kwanza," Kiboko akanong'ona.

Krii, krii, nati ikakazwa. Chwaaa, maji yakatoka.

Basi watoto, shikeni hili: anayefanya kazi aandikwe mfanyakazi, na alipwe kama mfanyakazi.