Mkunga na Mfereji wa Mlimani

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeleaneni. Zamani hizo, kabla bibi za bibi zenu hawajaota meno, palikuwa na kijiji bondeni, na mkunga wake aliitwa Bi Mbodze. Kila aliyezaliwa pale alipokewa na mikono yake. Akapokea mmoja, akapokea mapacha, akapokea tena, na tena, na tena. Nyaa! nyumba hii. Nyaa! nyumba ile.

Watu wakazidi, mashamba yakabaki yale yale. Baba aligawia wana, wana wakagawia wana, hata ng'ombe akilala, kichwa kwa kaka, mkia kwa mdogo. Vijana wakashinda wamekaa, kwa kuwa hapakuwa na pa kulima. Ghala likawa linakwisha mavuno yangali mbali.

Mwaka mmoja mvua zikapungua. Mzee wa kijiji, Ngowa, akaita baraza.

"Kaya changa arobaini zitahama," alisema. "Zivuke nyika, zikatafute pa kuishi."

Nyika ile ilikuwa mwendo wa siku tatu bila tone la maji. Bi Mbodze akamwona Kadzo, binti aliyemzalisha juzi tu, akikibana kichanga chake kifuani. Akainuka.

"Ngowa, hawa watafia njiani."

"Wewe ndiye uliyewapokea wote hawa, Mbodze. Una shauri gani?"

Bi Mbodze akautazama mlima, akasema, "Babu yangu alianza kuchimba mfereji kutoka mtoni kule mlimani. Walikuwa watu ishirini. Wakafika kwenye mwamba, nguvu zikawaishia. Leo sisi tu wengi. Nipe kiangazi kimoja na vijana wote."

"Ukishindwa?"

"Nitatangulia mbele kuvuka nyika, na magoti yangu haya mabovu."

Kesho yake vijana mia tatu wakaanza kuchimba kutoka bondeni, wapande hadi kwenye mwamba ule. Weee, fujo ile! Jembe moja watu kumi. Huyu anachimba, yule anafukia. Siku saba zikapita, mfereji haujafika hata urefu wa ua wa mbuzi. Bi Mbodze akaketi juu ya jiwe, aibu ikimchoma.

"Nilihesabu mikono," akajiambia, "nikasahau kuuliza inajua nini."

Akaenda kwa Chivatsi, mhunzi. "Nifundishie vijana hawa kazi yako."

"Wangapi?"

"Wote wenye hamu."

Basi mivukuto ikaanza. Vuu, vuu! Nyundo zikaitika. Ka! Ka! Ka! Wakajua kufua majembe, wakajua kufua patasi. Wengine wakajifunza kupima mteremko kwa maji ndani ya mwanzi uliopasuliwa. Sasa kila mtu na kazi yake, wakachimba. Pu! Pu! Pu! Mwezi wa kwanza, pu! Mwezi wa pili, pu! Mwezi wa tatu wakafika kwenye mwamba wa babu.

Wakauwashia moto kutwa nzima. Ukawa mwekundu. Kadzo na wenzake wakapanga mstari wa mitungi hadi mtoni, wakaumwagia maji kwa pamoja. Shaaa! Kisha, paaa! Mwamba ukapasuka, nao wakaufungulia mto mfereji wa babu.

Maji yakaja, watoto wangu! Yakaja yakisukuma majani na vumbi, chururu, chururu, na watu wakikimbia pembeni yake hadi bondeni. Mzee Ngowa akaingia miguu yote miwili, akasimama pale, machozi yakimtoka.

"Hakuna atakayehama," alisema.

Nyika ya karibu ikalimwa mtama. Chakula kikatosha, kingine kikapelekwa gulioni pamoja na majembe ya wahunzi wapya.

Lakini Bi Mbodze hakuishia hapo. Akawaita akina mama na waume zao, akawaambia waziwazi, "Mfereji huu hauongezeki kila tunapozaa. Mahindi yakibanana shimoni hayabebi. Zaeni kwa nafasi, mtoto ashibe, ajifunze kazi, ndipo aje mwingine."

Wapo walionuna. Kadzo alisikia, akapumzika miaka minne, na mwanawe wa kwanza akawa fundi wa kusafisha mfereji.

Bi Mbodze alipofariki, kijiji kizima kilimbeba. Mpaka leo wanasema: watu wengi ni mali wakipewa ujuzi na kazi, wasipopewa, ni njaa inayosubiri zamu.

Hadithi yangu imefika ukingoni, nami natua mzigo. Aliyeshiba maneno na ainuke akalale.