Kwa Nini Muulizaji Huwapa Watu Mgongo

Wekeni majembe chini mpumzike kidogo, hasa nyinyi mliohamia huku mwaka huu. Mchana mtaniona nikifanya jambo ambalo kwenu ni utovu wa adabu, kwa hiyo ni vyema niwaeleze lilikotoka.

Kulikuwa na wakati mlima huu wa Ishinde haukuwa na ndiva, hili bwawa tunalolisafisha leo, wala mfereji wa pamoja. Maji yalitoka kwenye jiwe kule juu, na kila ukoo ulijichimbia mfereji wake na kuyavuta hadi nyumbani. Hakuna aliyemwomba mwenzake ruhusa, na hakuna aliyemzuia mwenzake. Watu walijivunia hilo. Walisema mtu akishachimba kwa mikono yake, hapaswi kupangiwa na yeyote. Kwa miaka mingi hapakuwa na ubaya wowote, kwa sababu maji yalikuwa mengi kuliko mahitaji.

Kiongozi wa mlima, ambaye wazee wetu walimwita mfumwa, alikuwa Mrutu. Hakuwa katili. Alipenda watu wake, na alijua majina yao mpaka ya watoto wachanga. Kila mwezi ulipoandama aliwaita uwanjani, akasimama mbele yao uso kwa uso, ndugu zake na wakubwa wa koo za juu wakiwa wamejipanga kushoto na kulia kwake. Kisha akauliza, "Jinsi tunavyoishi, inawafaa?"

Nao wote wakajibu kwa sauti moja, "Inatufaa!"

Mrutu akarudi kwake ameridhika. Aliamini amewasikia.

Ikaja miaka miwili ambayo mvua za vuli hazikunyesha. Maji ya jiweni yakapungua, yakawa membamba kama mkono wa mtoto. Mfereji wa kwanza kutoka jiweni ulikuwa wa Kiangi, mtu mchapakazi aliyeuchimba miaka sita bila msaada, na migomba yake ikabaki ya kijani. Waliofuata chini yake walipata kidogo. Walioishi miguuni pa mlima hawakupata kitu. Huko ndiko alikoishi Namsifu, mwanamke mfinyanzi. Udongo wake ulikauka ukawa vumbi, ng'ombe wake wawili wakafa katika wiki moja, na dada yake akafunga mizigo akahamia nyikani na watoto wote. Nyumba kumi na tisa za bondeni zilihama kabla mwaka haujaisha.

Mwezi ukaandama. Mrutu akawaita watu, akauliza swali lake, nao wakajibu, "Inatufaa!" Namsifu naye alijibu hivyo hivyo, tena kwa nguvu.

Njiani kurudi, aibu ilimshika akasimama. Akawauliza wanawake aliokuwa nao, "Ni nani kati yetu inamfaa?"

Wote wakatikisa vichwa.

"Basi mbona tumeitikia?"

Jirani yake Nakiete akasema, "Dada, yule ndiye anayegawa mashamba. Ananitazama machoni, na wale wakubwa wananitazama. Mdomo unajibu wenyewe kabla sijaamua."

Asubuhi iliyofuata Namsifu alipanda mlima peke yake mpaka nyumbani kwa mfumwa. Alimkuta amekaa na ndugu zake wakila. Alipiga goti, akasalimia, kisha akasema, "Mfumwa, watu hawakuambii yaliyo moyoni mwao."

"Nimewauliza jana," Mrutu akasema. "Hata wewe nilikusikia."

"Nilidanganya."

Mrutu akaacha kula. Katika miaka ishirini na miwili ya uongozi wake, hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Akamtazama mwanamke yule kwa muda mrefu, akaona jinsi alivyokonda.

"Sasa unataka nifanye nini ili niusikie ukweli?"

"Utupe mgongo," Namsifu akasema.

Ndugu za mfumwa wakaruka wote. Kumpa mtu mgongo ni tusi, na kumwomba mkubwa afanye hivyo mbele ya watu ni kumvunjia heshima. Mmoja alikwisha kuinua fimbo. Mrutu akanyoosha mkono kumzuia, akasema, "Mwacheni. Hebu eleza, mama."

Siku ya tatu watu wakakusanywa kwenye mteremko huu huu. Namsifu alitangaza utaratibu. Anayetaka kila ukoo ubaki na mfereji wake aende upande wa mawio. Anayetaka maji yakusanywe mahali pamoja na kugawanywa kwa zamu aende upande wa machweo. Mrutu na wazee wake watatazama kilele cha mlima, na hakuna atakayegeuka mpaka miguu inyamaze.

Mrutu akageuka. Ndugu zake nao wakageuka kwa shingo upande.

Kwanza hakusikia kitu ila upepo. Alidhani amedhihakiwa. Kisha akasikia mguu mmoja ukiburuzika kwenye changarawe, na baada yake mwingine. Fimbo ya mzee ikagonga jiwe. Mtoto akalia mgongoni mwa mama yake, na kilio kikapita nyuma yake kutoka kulia kwenda kushoto. Halafu miguu yote ikaondoka kwa pamoja, mamia kwa mamia, bila neno, na ardhi ikatetemeka chini ya nyayo zake. Baadaye alisimulia kwamba nywele zilimsimama. Alikuwa amesikia radi na maporomoko ya mawe, lakini hakuwahi kusikia kitu kikubwa kama watu wake mwenyewe wakitembea wanakotaka. Alijaribu kuutambua mguu wa fulani na wa fulani, akashindwa. Ilikuwa sauti ya mlima mzima.

Miguu iliponyamaza, aligeuka. Upande wa mawio alisimama Kiangi na jamaa zake, hawakufika arobaini. Upande wa machweo mteremko ulikuwa haujulikani rangi ya nyasi zake kwa wingi wa watu. Mbele kabisa alisimama mke wa Mrutu, na karibu naye mama mzazi wa Kiangi.

Mrutu akavua kofia yake ya ngozi. "Miaka yote hii," akasema, "nilikuwa nausikia mwangwi wangu."

Watu wakaanza kushangilia, na wengine wakapiga kelele kwamba mfereji wa Kiangi uvunjwe siku hiyo hiyo. Kiangi akajitokeza mbele, mikono yake yenye sugu ikiwa wazi. "Nyinyi ni wengi, nimeona," akasema. "Na sisi tuliobaki huku mtatufanya nini? Mtaninyang'anya jasho la miaka sita?"

Namsifu ndiye aliyejibu. "Asinyang'anywe mtu. Leo wachache ni wao. Siku nyingine nitakuwa mimi."

Wakakaa chini, wakajadiliana mpaka jua likainama. Wakakubaliana kwamba mfereji wa Kiangi utabaki kwa jina lake na utatunzwa na wote, ila maji yatapita kwanza kwenye bwawa, naye atapata zamu kama mwingine yeyote. Bwawa litachimbwa kwa msaragambo, kazi ya wote, kila mmoja kwa kadiri ya nguvu zake: mwenye misuli pima tatu, dhaifu pima moja, asiyeweza kabisa awapikie wachimbaji.

Siku mbili Kiangi hakuonekana. Siku ya tatu alikuja na jembe, akachagua mahali pagumu penye mawe, akachimba pima sita bila kusema na mtu.

Baada ya miezi miwili wakafungulia maji. Yaliingia polepole, yakichukua mchana mzima, na watu wakazunguka ukingo kimya. Maji yalipotulia, waliona ndani yake uso wa kila mmoja wao, wa juu na wa chini, pamoja na mbingu juu yao. Hakuna aliyewahi kuiona Ishinde yote kwa mara moja. Wazee kwa vijana walipiga magoti bila kuambiwa.

Na tangu siku hiyo, hapa kwetu, muulizaji huwapa watu mgongo. Kwingine ni tusi. Hapa ndiyo heshima kubwa kuliko zote.

Mchana huu mimi ndiye nitakayeuliza: bomba jipya lianzie shuleni au zahanatini? Mimi nina maoni yangu, lakini hamtayasikia. Nendeni mnakotaka, na msiogope kuwa wachache. Nimeifanya kazi hii miaka tisa, na kila ninapousikia mguu wa kwanza ukiinuka nyuma yangu, mimi huvua kofia.