Mishale Arobaini ya Ziwa

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, usiku mmoja katika chumba cha kompyuta cha chuo fulani, mashine ya kuchapa mabango ililia: krrr. Mara moja. Kisha kimya.

Asubuhi wanafunzi watatu walikuta karatasi imening'inia mdomoni mwake, pana kama shuka. Juu palikuwa na kichwa cha utafiti na majina yao matatu. Katikati, mahali pa mchoro wa ziwa, palikuwa peupe.

"Nani kaituma?" aliuliza Lusajo.

"Si mimi," alisema Kokushubira.

"Si mimi," alisema Mbonea.

Hapo awali walikuwa wanne. Mwaka uliopita walipima kina cha ziwa moja la mlimani, wawili wawili kwa zamu, ndani ya mtumbwi. Wa nne, binti mcheshi, alizama. Siku ile aliingia majini peke yake, ilhali zamu ilikuwa ya wawili. Watatu wakaogopa kuulizwa. Wakaapa kutolitaja jina lake. Wakamwita "yule". Wakamfuta kwenye bango.

Lakini bango lile halikuchorwa kwa mkono. Liliandikwa kwa amri: weka kituo hapa, kipe jina, vuta mshale mpaka pale. Kompyuta husoma amri, ndipo huchora. Na yule, kwa utani wake, alikuwa amekipa kituo cha katikati jina lake mwenyewe. Kwenye karatasi jina hilo halionekani. Kompyuta tu ndiyo hulijua. Mishale arobaini ya maji ilielekea kwake.

Lusajo alikuwa amekifuta kituo. Jina la yule likatokea kwenye skrini. Kompyuta ikaandika: jina hili silijui. Akabadilisha jina kwenye mshale wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi wa arobaini. Kompyuta ikaandika: jina hili silijui. Sasa akaketi, akasoma faili mstari kwa mstari.

"Jamani, jina halimo tena humu."

"Mbona inaliita?" aliuliza Kokushubira.

"Labda imemkumbuka kuliko sisi," alisema Lusajo, akajaribu kucheka. Alicheka peke yake.

Mlango ukafunguka. Aliingia Dokta Mwasaga, mwalimu aliyehamia chuoni baada ya yule kuzama.

"Bango linatakiwa saa sita," alisema. "Na nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo ni moja. Kila mmoja aniambie, kwa nini iwe yake?"

Kokushubira akasema, "Mimi, Dokta, niliingia kwenye matete siku tatu, maji kifuani, nikalipata daftari la vipimo lililopotea majini. Bila namba zile, hakuna ziwa."

Lusajo akasema, "Mimi, Dokta, nimeandika amri miezi minne, macho yamekuwa mekundu hadi mama ananishuku. Bila amri, namba ni namba tu."

"Na wewe, Mbonea?"

Mbonea akageukia skrini.

Dokta akainama kusoma skrini. Lusajo akawahi kulifunika jina la yule kwa kiganja.

"Toa mkono, bwana. Ni nani huyo asiyejulikana?"

Hakuna aliyegusa kibodi. Chini ya kiganja, mstari ukajiandika tena: jina hili silijui. Na tena. Na tena. Ukashuka skrini nzima, jina lilelile likichungulia kati ya vidole vya Lusajo.

"Zamu ilikuwa yangu," alisema Mbonea.

"Nyamaza wewe! Utatuponza!" Kokushubira alimvuta shati.

"Ilikuwa yangu, Dokta. Asubuhi ile kulikuwa na baridi. Nikamwambia mwenzangu, tangulia, nakuja. Nikajifunika blanketi, naye akazama. Nikisema, nafasi nimeikosa, huenda na chuo. Nisiposema, bango halitoki, tunakosa wote."

Akakaa. Akakirudisha kituo, mstari mmoja, herufi kwa herufi. Skrini ikatulia. Ziwa likafunguka, na mishale arobaini ikakimbilia katikati, kama maji yanayojua yanakokwenda.

Dokta akavuta kiti karibu na Mbonea. "Nafasi bado ni moja," alisema. "Lakini kwanza nitajie. Aliitwa nani?"

Haya, wenzangu mliokaa hapa, msinitazame mimi. Yupo aliyezitoa namba majini. Yupo aliyezifanya zionekane. Yupo mwenye kosa, aliyelipa kwa kusema. Na yupo aliyepima ziwa lenyewe, likabaki naye.

Mbonea akainua uso. "Nyanjige," alisema.

Je, nani alistahili?