Mjuzi wa Udongo na Binti Yake

Udongo wenye maji hukubali umbo utakalo, lakini ukishakauka haukusikilizi tena. Ndiyo maana wahenga wakasema, udongo uwahi ungali maji. Methali hii kila mtu anaijua, na pengine ndiyo sababu wachache huizingatia.

Bwana mmoja alifanya kazi katika maabara ya udongo. Wenzake walimwita Bwana Matope, naye hakuona ubaya. Wakulima walipomletea udongo wa mashamba yao, aliutia maji kidogo, akaukanda kiganjani na kuusokota. Uliokataa kushikana ulikuwa kichanga. Uliosokoteka lakini ukapasuka ulipokunjwa, huo tifutifu. Udongo wa mfinyanzi ulijikunja kama pete bila ufa wowote. Hakuwa na mpinzani katika kazi hiyo, na sifa zilimvimbisha kichwa.

Mkewe alipofariki, alimwachia binti mdogo. Kila jioni mtoto alisimama mlangoni mwa chumba ambamo baba yake alimalizia kazi za ofisini.

"Baba, leo tumefundishwa wimbo. Nikuimbie?"

"Nenda kalale, mama. Baba ana kazi."

Mtoto alikwenda kuuimbia ukuta.

Shangazi yake, aliyekuja kuwapikia, aliyaona hayo yakamchoma moyo. Siku moja uvumilivu ulimwishia.

"Kaka, mtoto anakuhitaji. Udongo uwahi ungali maji."

Bwana Matope alicheka mpaka akajishika mbavu. "Dada, unanifundisha udongo mimi? Methali yenyewe ina kasoro. Kichanga hata ukikitia pipa zima la maji hakifinyangiki. Wangetaja udongo wa mfinyanzi, ningewaelewa."

"Haya, mjuzi," dada yake akasema, akarudi kuosha vyombo.

Binti alikua. Alipelekwa shule ya bweni, na likizo akapenda kwenda kwa shangazi yake. Baadaye alipata kazi mji wa mbali. Simu zake kwa baba zilikuwa za salamu tu, na hata salamu zenyewe zilikuwa fupi.

Kisha Bwana Matope akastaafu. Hakuna tena aliyemletea udongo, wala aliyemwita kwa jina lile la utani. Alikula peke yake, akazima taa peke yake, na upweke ukamla kimyakimya kama mchwa alavyo mlango. Hatimaye alimpigia binti yake, akamwomba aje.

Binti alikuja. Alipiga hodi katika nyumba aliyozaliwa, akangoja mpaka akaribishwe. Aliketi kwenye ukingo wa kiti, akashukuru kupewa chai kwa adabu za mgeni.

"Kaa hata wiki moja, mama," baba alimsihi. "Tuzungumze."

"Sina kinyongo nawe, baba," binti alisema. " Ila sijui tuzungumze nini."

Baba aliujua udongo wa kichanga na wa mfinyanzi, mwanawe hakumjua. Alasiri alimsindikiza hadi barabarani, akaagwa kwa heshima zote anazostahili mzee yeyote.

Aliporudi ndani alimpigia simu dada yake.

"Dada, ile methali yako haina kasoro."

"Ipi tena, kaka?"

Alitaka kuitamka, lakini akaangua kilio. Ama kweli, udongo uwahi ungali maji.