Tufaha na Ndoto Isiyo Yake

Katika mji wa Nurisafa alitawala Sultani Ghalibu bin Muhtasibu, mwenye majumba na majeshi na pete ya akiki iliyomfunga jini mmoja, Shakhsuri, awe mtumwa wake. Na sultani huyo alisifika kwa usingizi wake mtamu, hata washairi wakalipwa kuusifu, maana kila adhuhuri alilala baada ya chakula kama mtoto aliyeshiba ziwa. Na katika mji huohuo, mtaa wa wapaka hina, wasichana saba walilala adhuhuri moja wasiamke tena. Nyuso zao zilikunjamana kwa hofu, na ncha za vidole vyao zilinyauka kama za mtu aliyeshinda majini, na hakuna dawa wala kombe la aya lililowainua. Kadhi akahukumu kwamba asiyeamka kwa siku arobaini ni maiti, na siku ya arobaini iliangukia Ijumaa.

Mmoja wao alikuwa Jokha, mdogo wake Tufaha mpaka hina.

"Anapumua!" Tufaha alimwambia Kadhi Jumatatu ya juma hilo. "Weka kioo puani mwake uone ukungu!"

"Binti, hukumu imekwisha kuandikwa."

"Basi na aliyeiandika azikwe, kwani naye anapumua, na kosa la Jokha ni hilohilo."

Askari wakamtoa barazani kwa kumsukuma.

Alipofika nyumbani akamkuta kasuku juu ya kitanda cha Jokha, hana mkia.

"Usinitazame hivyo, bibi we," akasema kasuku. "Nilikuwa ndege wa chumba cha sultani. Nilirudia mbele ya mabalozi maneno aliyoyasema usingizini. Wakataka kunichinja, nikawaachia mkia." Kisha akashusha sauti. "Sultani alimjengea ndugu yake ukuta ndani ya birika kubwa la kasri, akafungulia maji. Na kila alipolala alimsikia akigonga. Ndipo akamwamuru Shakhsuri amwondolee ndoto ile. Akaiondoa. Sasa wanaiota kina Jokha."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Maskini huombwa ruhusa lini? Ukitaka kumtoa, ingia humo adhuhuri, sultani anapolala. Lakini uingie huku unajua kwamba umelala. Asiyejua huzama na wenzake."

Basi kasuku akamfunza. Mchana kutwa, kila apitapo mlangoni, autazame mkono wake na kujiuliza kwa dhati, "Nimelala au niko macho?" hata swali liwe mazoea na limfuate usingizini. Na alalapo, aegemeze kiwiko na kuuinua mkono. Akizama upesi, mkono uanguke umzindue.

Jumanne akajilaza. Nzi akatua puani. Akamfukuza, akarudi na mwenziwe. Jirani akaanza kukuna nazi, kwaru, kwaru. Mguu ukamruka wenyewe, na moyo ukamwambia: sanda, sanda, sanda. Adhuhuri ikapita macho makavu.

"Umelala na soko zima kichwani?" akamcheka kasuku. "Usigombane na kelele. Mgeni usiyempa jamvi haketi. Nzi mwambie nimekusikia, nazi, nimekusikia, hofu nayo, nimekusikia. Kisha rudi kwenye pumzi yako."

Jumatano akalala, lakini mkono ulianguka usimzindue, na swali hakulikumbuka. Alijiona yuko gizani, maji shingoni, na nyuma ya ukuta mtu anagonga na kusema kwa upole, "Nifungulie, ndugu yangu, utani umetosha." Upole ule ulimtisha kuliko ukelele. Kabla hajazama kabisa, kasuku alimdonoa sikio hadi damu ndipo akazinduka, na vidole vyake vimekwisha nyauka.

"Siendi tena," akasema.

Kasuku akamwonyesha kitanda cha Jokha kwa mdomo. Wachimba kaburi walikuwa wamekuja kupima urefu wake kwa kamba.

Alhamisi akajilaza kando ya mdogo wake. Nzi akaja, nimekusikia. Nazi ikakunwa, nimekusikia. Hofu ikaja, ikakaa kifuani nzito kama jiwe la kusagia; nimekusikia, kaa. Mkono ukaanguka mara mbili, akauinua. Mara ya tatu ukabaki juu, na giza likawa birika.

Maji yalimfika kidevuni. Jokha na wenzake sita walisimama wamefumba midomo, macho wazi, wala hawakumjua. Tufaha akainua mikono, akaitazama na kujiuliza. Sasa, wapaka hina wa Nurisafa wana mwiko: mpaka hina hapakwi na mwenziwe, hujipaka mwenyewe, na kwa hiyo ua la mkono wake wa kulia, lililochorwa kwa mkono wa kushoto, siku zote lilikuwa limepinda. Humu maua yote mawili yalinyooka.

"Nimelala," akasema.

Hofu haikuondoka hata chembe. Lakini juu ya maji akamwona Shakhsuri, mrefu kama mnara, amebeba giza lile mabegani.

"Ewe jini, ndoto hii ni ya nani?"

"Ya bwana wangu, ee binti Adamu. Niliamriwa kuiondoa, sikuambiwa niipeleke wapi. Nikaitua palipokuwa na milango dhaifu, na hakuna aliyekataa."

"Atakataaje asiyejua kwamba anaota? Hiyo ndiyo hoja yako?"

Jini akainamisha kichwa. "Ni hoja mbovu. Lakini mzigo huu hukataliwa na aliye ndani yake. Ukiukataa kwa kinywa chako chini ya maji, utamrudia mwenyewe. Ukifumba kinywa kwa woga, utakuwa wa nane."

Kugonga kukazidi. Maji yakapanda puani, machoni, utosini. Tufaha akamshika Jokha mkono, akafungua kinywa, maji yakamjaa hadi tumboni, na akasema: "Siitaki! Si yetu!"

Akaamka akitapika maji ya birika. Kando yake Jokha akapiga chafya, na mtaani wale sita wakaamka.

Na kutoka kasri ukasikika ukelele uliowasimamisha watu sokoni: "Mfungulieni ndugu yangu! Nimemjengea ukuta mimi!" Watu wakabomoa ukuta wa birika, wakakuta mifupa ya ndugu yule, na vidole vyake vimekwisha kwa kugonga. Pete ikamchomoka sultani kidoleni kwa kuhangaika, Shakhsuri akaitwaa akaenda zake. Ghalibu hakufungwa wala hakuuawa. Aliachiwa kitanda chake na ndoto yake.

Akatawazwa Idarusi, mwana wa marehemu yule, akawapa wale saba mali na nyumba, na akamposa Tufaha kwa maneno ya adabu na heshima.

"Bwana wangu," akajibu, "kwanza nikuone ukilala."

Idarusi akajinyoosha jamvini mbele yake, mchana kweupe. Akakoroma kidogo, akatabasamu, akageuka ubavu. Tufaha akamtazama hadi alasiri, akasikiliza kama mtaani kuna anayelia, asisikie, kisha akasema, "Nimekubali."

Wakaoana na wakaishi kwa raha. Na mwenye hekaya ameacha neno moja: ukimwona mkubwa analala fofofo juu ya dhuluma yake, tafuta ni nani anayeamka akilia.