Mboga Aliyoificha Kima

Paukwa! Mbona mnaitikia kama wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na siri. Apeni kwanza hamtamwambia mtu. Mmeapa? Haya. Hata mimi niliapa, na ndiyo hii naimwaga.

Hapo zamani za kale, kisiwani, mvua ilikatika. Majani yakakauka, wanyama wakakonda. Desturi yao ilikuwa moja: anayeona chakula wakati wa njaa hupiga mbiu, wakala wote.

Mbiu haikulia. Lakini Mzee Kima alinenepa, anang'aa kama bwana harusi.

Bi Paa alikuwa na mtoto mchanga. Maziwa yamemkauka, na mtoto hata kulia hawezi. Akaenda kwa Kima.

"Shikamoo, Mzee. Mwenzetu unakula nini?"

"Marahaba. Nakula upepo, mwanangu."

Siku ya pili akarudi. "Na yale majani manene ya ufukweni, Mzee?"

"Yale? Sumu!" Kima akaleta shina, akalivunja. Utomvu mweupe ukachuruzika. "Ukilamba tu, tunakuzika."

Siku ya tatu mtoto alishindwa kusimama. Bi Paa akafuata nyayo za Kima hadi ufukweni, akajibanza. Loo! Mzee yuko chini, anatafuna!

Bi Paa akachungulia. Majani manene kama vidole vya mtoto, shina jekundu linatambaa mchangani hadi miguuni pake. Akavunja moja: maji matupu, maangavu. Akaonja kidogo: chumvi. Akangoja. Tumbo kimya.

Kumbe yule mzee alimvunjia mmea mwingine, unaoota jirani na huu!

Bi Paa akapiga mbiu. Wakaja wote, hata Kobe.

"Nachuma dawa ya mgongo," Kima akasema, shina likamponyoka mdomoni.

"Dawa ya mgongo inajaza mashavu?" Komba akacheka. "Tema tuone!"

Bi Paa akavunja mashina mawili mbele yao. "Lenye utomvu mweupe, acheni! Hili jekundu lenye maji, kuleni!"

Wakala, wakaimba, wakala tena. Jua linashuka, maziwa yakamrudia Bi Paa. Mtoto akanyonya, akasimama, akaruka!

Na Kima? Yuko pale pale katikati, wote wanamtazama, mashavu yamejaa: hawezi kumeza, hawezi kutema.

Basi wanangu, chakula cha wote usikifiche. Siku moja kitakuumbua ukiwa nacho mdomoni.

Ngano yangu nimeiacha ufukweni. Utamu wake chukueni. Chumvi nimebaki nayo mimi.