Bi Ndezi, Bi Kwale na Njia ya Mtoni

Hadithi, hadithi!
*Njoo, tumekuwekea kiti!*
Na uongo je?
*Nao uje, utakaa chini!*

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa wakigombana kama sisi, Bi Ndezi aliishi na wanawe wawili katikati ya matete, karibu na mto. Ndezi, mnyama kama panya mkubwa, hula matete, na majini huogelea kama aliyezaliwa humo. Kwa meno yake alikata njia nyembamba, iliyonyooka, kutoka mlangoni hadi mtoni.

Jirani yake alikuwa Bi Kwale, ndege wa chini, aliyetaga mayai kando ya njia hiyo.

Siku moja Bi Kwale akaja.

"Hodi! Bi Ndezi, njia yako imemwonyesha Kenge kiota changu. Kala yai."

"Pole, jirani. Lakini nami nipite wapi?"

Akaja tena.

"Kala la pili! Anasimama pale mtoni, anachungulia kama yuko dirishani kwao!"

"Pole, jirani. Si uhame?"

"Nihame? Kwani mayai ni vyungu, nijitwike kichwani?"

Akaja mara ya tatu. Alilia tu.

Bi Ndezi naye ni mama. Akakata matete, akaiziba njia yote. Kenge akachungulia, asione kitu. Mayai yaliyobaki yakaanguliwa.

Kiangazi kikafika. Matete yakakauka, na yale yaliyoziba njia yakakauka zaidi. Wawindaji wakayatia moto. Moto uko nyuma, mto uko mbele, na njia imezibwa.

"Ruka, Bi Kwale! Una mbawa!"

"Na hawa wasioweza kuruka nimwachie nani?"

Ndezi akakata, kwale akaparua. Ndezi akakata, kwale akaparua. Ndezi akakata, kwale akaparua, maji hayo! Vifaranga wakapanda migongoni mwa Bi Ndezi na wanawe, wakavushwa.

Mvua iliponyesha matete yakachipua, majirani wakarudi.

"Kata njia yako, mwenzangu," akasema Bi Kwale.

Bi Ndezi akakata. Alipokaribia kiota kipya cha Bi Kwale, akakunja kona. Kenge akachungulia, akaona matete matupu. Akaenda kutafuta riziki pengine, maana naye ana tumbo.

Ndiyo maana hadi leo njia za ndezi hazinyooki.

Basi, wanangu, njia yako ikimuumiza jirani, usiing'ang'anie, wala usiizibe. Ipinde.

Hadithi yangu nimeifikisha mtoni. Mwenye kiu na anywe.